Maji ya Bariadi na Meno ya Mjukuu Wangu

Niliondoka Mwanza kwa basi la asubuhi, mwezi wa Septemba, mizigo yangu ikiwa ni kanga za mzazi zilizochelewa, sato wakavu wawili waliofungwa kwenye gazeti, na mswaki mpya wa mtoto. Nilikuwa nakwenda Bariadi kumwona binti wa marehemu mdogo wangu. Mimi ni Mama Mkubwa wake na, tangu mama yake atutoke, ndiye mama aliye naye. Alijifungua mtoto wa kiume Januari, na mpaka siku hiyo nilikuwa sijamtia machoni.

Safari yenyewe si ngumu. Unashika barabara ya Musoma, unavuka mto Simiyu wilayani Magu, unapita Nyashimo ziwa likiwa mkono wa kushoto, kisha unafika Lamadi, jirani na lango la Ndabaka la mbuga ya Serengeti. Hapo watalii huendelea na mambo yao, nasi tunakata kulia kwa kilomita kama sabini hivi hadi Bariadi. Mji huu ulikuwa makao makuu ya wilaya tu katika Mkoa wa Shinyanga, hadi Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012. Sasa ndio makao makuu ya mkoa wenye wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe, na kwa miezi mingi ni nchi kavu.

Nasema kavu, nawe mama mwenzangu utaelewa nikikuambia nilichokiona dirishani. Baada ya kuacha ziwa nyuma tulipita mto mmoja mdogo uliobaki mchanga mtupu. Katikati ya mchanga ule walikuwa wameinama wanawake watatu, wamechimba shimo la kina cha mkono, wanachota maji kwa kikombe na kuyamimina dumuni taratibu. Mita chache kutoka pale ng'ombe walikuwa wamesimama wakingoja zamu yao. Abiria wenzangu hawakugeuza hata shingo.

Nilipofika nilipokewa vizuri sana. "Shikamoo Mama Mkubwa," na mkoba ukachukuliwa, na glasi ya maji ikaja juu ya kisahani. "Kunywa bila wasiwasi, Mama Mkubwa. Ni ya bomba, na nimeyachemsha." Nikanywa. Maji yalikuwa meupe, yametulia, hayana harufu. Mtoto mchanga akaletwa, mnene, ana meno mawili ya chini. Mamamkwe wa binti yangu naye akatoka jikoni, tukasalimiana kwa "mwangaluka" yangu ya kubabaisha, na yeye akacheka kwa heshima.

Aliyekosekana alikuwa mjukuu wangu mkubwa, mwenye miaka tisa. Alijificha nyuma ya pazia, na alipotoka akanisalimia akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Hapa inanibidi niungame jambo. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimewatembelea wakiwa bado wanaishi kijijini, upande wa Meatu, ambako baba yake alikuwa akifundisha. Siku ile niliona meno ya mbele ya mtoto huyu yana mistari na madoa ya kahawia kama yaliyopakwa chai. Nilimwambia mbele ya wageni, "Wewe, hata mswaki hupigi? Mtoto wa mwalimu!" Mama yake naye nilimpa maneno yake. Wote walinyamaza, nami nikadhani nimefundisha.

Sasa binti yangu alisubiri hadi watoto wakalala, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Mkubwa, yale meno si uchafu. Ni maji." Mhudumu wa meno alikuwa amewaeleza. Lakini kabla ya hapo mtoto alikuwa amejisugua kwa mkaa wa kusaga mpaka fizi zikatoa damu, kwa sababu ya wenzake shuleni, na kwa sababu ya bibi yake aliyetoka Mwanza. Ule mswaki ulikaa mkobani mwangu siku mbili. Sikuweza kuutoa.

Madini yanayofanya hivyo huitwa floraidi. Yamo ndani ya miamba, na maji yanayokaa chini ya ardhi kwa muda mrefu huyayeyusha na kuyabeba. Hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha. Kwa kiasi kidogo huimarisha meno, ndiyo maana yanatiwa kwenye dawa ya meno. Yakizidi hudhuru jino linapokuwa bado linajengwa ndani ya ufizi, yaani tangu utotoni hadi kama miaka minane. Jino likichomoza linakuja na doa lake tayari, na hakuna mswaki wala mkaa utakaoliondoa. Mtu mzima aliyekulia mahali pengine anaweza kunywa maji hayohayo miaka kumi na meno yake yasibadilike rangi. Kwa hiyo mama hutazama meno yake meupe, akatazama ya mwanawe, akaamini kosa ni la mtoto. Na pale floraidi inapokuwa nyingi sana kwa miaka mingi, hufika mifupani: viungo hukakamaa, mgongo hukataa kuinama, na watoto wengine hupinda miguu.

Hili si jambo la kijiji kimoja. Ukanda wa floraidi nchini mwetu unapita Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, na unafika Mwanza, Mara na ile Shinyanga ya zamani ambamo Simiyu ilikuwamo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Hapa Tanzania, mwaka 1974 kiwango cha muda kiliwekwa kuwa 8, maana vyanzo vingi vya vijijini vingefungwa na watu wangekosa maji kabisa. Baadaye kikashushwa hadi 4, na tangu mwaka 2018 ni 1.5. Ina maana kisima ambacho bibi zetu waliambiwa ni halali, leo si halali, ingawa maji yake ni yaleyale.

Binti yangu aliposimulia alifika mahali akashindwa kuendelea. "Lakini nilikuwa nachemsha, Mama Mkubwa. Kila siku. Kuni za kununua."

Na kweli alikuwa anachemsha. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha, kama nilivyofundishwa kliniki. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu, na katika hilo hakuna kinachokushinda ukiwa na sufuria na moto. Floraidi, hata hivyo, haiuawi, kwa kuwa haina uhai. Maji yanapochemka sehemu yake hupaa kuwa mvuke, floraidi ikabaki sufuriani. Ukichemsha muda mrefu unaipata imekolea zaidi kuliko ulipoanza. Kuchuja kwa kitambaa hakusaidii, wala vidonge vya klorini. Kinachosaidia ni kubadili chanzo cha maji, au kutumia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa utaalamu, kama wanavyofanya kwenye kituo cha Ngurdoto kule Arusha. (Mifupa ya ng'ombe Usukumani haijapungua, ila si ya kuchoma mwenyewe jikoni, kwani isipochomwa sawasawa maji hunuka.)

Usiku ule hatukulala mapema. Kilichotukalisha hakikuwa tena meno ya dada mtu, bali ya huyu mdogo. Alikuwa na miezi minane, na tangu atimize sita alikuwa ameanza uji. Yako mambo mawili ambayo kila mama wa ukanda huu angepaswa kuambiwa siku ya kwanza ya kliniki. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floraidi nyingi. Mtoto yuko salama kifuani kuliko mahali pengine popote. Hatari inaingia na uji, na maziwa ya kopo yanayokorogwa kwa maji, na chai.

Jambo la pili ni magadi. Asubuhi nilimkuta mamamkwe akipika maharage, na pembeni ana nsansa ya kuungwa kwa karanga, na kote alitupia kipande cha magadi ili viive upesi. Magadi nayo hubeba floraidi, mengine nyingi sana. Sasa utamwambiaje mwenye nyumba, tena mtu mzima, kwamba jiko lake lina kasoro? Nilianza kwa mbali, nikimsifu kwa michembe aliyonipa jana. Binti yangu akainamisha kichwa. Mama yule alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sisi tumekula magadi tangu tuzaliwe, na tunatembea." Akainuka akishika kiuno. Nilitaka kusema neno nikalimeza, maana kiuno cha mwanamke aliyepalilia pamba miaka arobaini kina sababu nyingi. Lakini mchana niliona kitu. Aligawa mboga kwenye vyungu viwili, na kile cha mtoto hakukitia magadi. Hakusema lolote, nami sikuuliza.

Ilibaki kujua maji ya pale wanapoishi sasa. Bomba lao liko uani, na lina siku zake za kutoka. Siku likikauka hununua madumu kwa jirani mwenye kisima. Watu wa mtaa husema maji ya jirani ni bora kwa sababu ni maangavu zaidi na hayana harufu ya dawa. Mimi ile harufu ya dawa naipenda. Klorini ikibaki kidogo kwenye maji ina maana bado inalinda. Shida ya bomba la mgawo ni nyingine: maji yanapokatika, bomba lililo wazi chini ya ardhi huweza kunyonya uchafu uliolizunguka kupitia nyufa. Ndiyo maana siku yakirudi unaacha ya kwanza yatiririke, unayatumia kwa bustani au choo, na ya kunywa unachemsha hata kama jana yalikuwa safi. Halafu tazama dumu lenyewe. La binti yangu lilikuwa na ukungu wa kijani chini. Tuliliosha kwa changarawe na sabuni, likatoa mambo ya kutisha.

Juu ya birika lake pia kulikuwa na ukoko mweupe, naye akaniuliza kama ndiyo floraidi. Hapana, ule ni chokaa. Ugumu wa maji unauona kwenye birika na kwenye sabuni isiyotoa povu. Floraidi huioni popote, hadi kwenye jino la mtoto, na hapo umechelewa. Njia ni kupima tu. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji, na mojawapo iko Mwanza. Kwa kupima floraidi unatumia chupa safi ya plastiki, unaisuuza mara tatu kwa maji yaleyale, unajaza, unaandika mahali na tarehe. Kupima vijidudu kunahitaji chupa maalumu ya maabara, na sampuli ifike ikiwa baridi ndani ya saa 24. Mimi kwa basi nisingeweza hayo, hivyo nilichukua la kwanza.

Watu wa Bariadi wamesubiri maji ya Ziwa Victoria kwa muda mrefu. Kahama na Shinyanga waliyapata kwa bomba kutoka Ihelele mwaka 2009. Kwa Simiyu, Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha mwaka 2017, pamoja na Ujerumani kupitia benki yake ya KfW, ili maji yavutwe kutoka ziwani upande wa Busega. Maji ya ziwa yana floraidi kidogo, ingawa nayo lazima yasafishwe, kwa kuwa ziwa lina kichocho na kipindupindu hupita humo.

Mtoto wa miezi minane hasubiri bomba la ziwani. Tulikaa na baba yake, mwalimu wa hesabu, tukapiga hesabu ya mvua, maana maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Tangi la lita 2,000, likitumika kwa kunywa na kupika tu, lita kumi kwa siku, linakwenda siku 200. Bati wanalo. Mifereji hawana. Mvua ya kwanza inamwagwa ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha tangi linafunikwa, na maji ya kunywa bado yanachemshwa. Mwalimu akasema tangi litangoja mshahara wa miezi miwili, labda mitatu. Mamamkwe, aliyekuwa kimya kwenye kigoda, akauliza mbuzi wawili wanauzwa bei gani siku hizi mnadani.

Siku ya kuondoka nilimwita mjukuu wangu nyuma ya nyumba. Nilimwambia kwamba mwaka jana bibi alisema uongo, na kwamba meno yake hayana uchafu wowote. Nikamwambia akiwa mkubwa yako matibabu ya kuyafunika akitaka. Aliniangalia sana. Kisha akauliza kama mdogo wake naye atakuwa hivi. Nikamwambia ndiyo maana bibi anabeba chupa. Mswaki niliutoa wakati huo, nikamwonyesha kiasi cha dawa, kama punje ya njegere, na kwamba dawa ya meno haimezwi.

Ndani ya basi nilikaa na chupa mbili mapajani, moja imeandikwa BOMBA, nyingine KISIMA CHA JIRANI. Tulipofika Lamadi joto lilikuwa kali, na kondakta kijana akaziona.

"Mama, naomba maji kidogo. Haya ni ya kunywa?"

"Bado sijui, mwanangu," nikamwambia, nikampa pesa akanunue ya dukani.