Mpiga Ngoma Niliyemwonea

Mpenzi msomaji, je, umewahi kumwonea mtu kwa kalamu? Mimi nimewahi, na mtu mwenyewe alikuwa mjomba wangu.

Nililelewa Buyangu, kaskazini mwa msitu wa Kakamega. Mjomba alikuwa akija kututembelea kutoka Isukha, ngoma yake ya isukuti kwapani. Ngoma hizo hupigwa tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, zikisindikizwa na pembe na njuga. Kwao, harusi au matanga bila isukuti yalikuwa kama mchuzi usio na chumvi.

Nikiwa darasa la saba, mwalimu alitupa insha: "Ngoma ivumayo sana hupasuka." Papo hapo nikamkumbuka mjomba. Katika hadithi nilizozoea, mwanamuziki alikuwa mlevi na mhuni, hana mke wala shamba. Nikamchora hivyo hivyo, kisha nikamwulia mtaroni. Nilipata alama 36 kwa 40!

Jumamosi hiyo baba aliniamuru niisome mbele ya wageni. Mjomba, ambaye hakuwahi kuonja pombe, alisikiliza hadi mwisho. "Umeandika vizuri, mpwa wangu," akasema. "Lakini huyo si mimi." Alfajiri akaenda zake.

Nilipofika sekondari nilisoma Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka mwaka 1996. Mamake Kombo ni mwimbaji wa taarab mjini Tanga, na mwandishi amempa utu wake wote. Baadaye nikasoma wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji na kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Hapo nikang'amua kosa langu: waandishi hao waliwatazama watu, mimi niliitazama methali.

Tangu hapo huisoma kila sentensi kwa sauti huku nikigonga meza kwa vidole. Mdundo ukikwama, najua nimeweka neno lisilo na kazi. Somo hilo sikulipata chuoni. Nililipata kwapani mwa mjomba.

Tulimzika mwaka 2012, kabla sijamwomba radhi. Niliandika wasifu wake na kuusoma matangani mwenyewe. Safari hii sikuongeza chumvi. Nilipomaliza, wenzake walizipiga zile ngoma hadi jioni.

Miaka miwili baadaye, UNESCO iliiweka isukuti katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka, kwa kuwa wapigaji wengi wamezeeka na warithi ni haba. Vijana gani watataka kurithi kazi ambayo insha zetu huimaliza mtaroni?

Basi, msomaji wangu, kabla hujamwandika jirani yako mwenye gitaa, keti kwanza umsikilize. Huenda naye atakwambia, "Huyo si mimi."