Kabla Hujaambiwa "Badilisha Pampu"

Kuna neno moja nikilisikia gereji damu inanichemka: badilisha. Gari inalia? Badilisha. Inavuja? Badilisha. Shida ni nini hasa? Wewe badilisha tu, utaona. Na ukishaona, pesa imeenda.

Wacha niwape mfano wa gari ya babu yangu. Ni Mercedes W123, 240D ya mwaka wa 1983, ile Benzi ya dizeli ambayo wazee wa huku Mombasa wanaiheshimu kama mtu wa nyumbani. W123 zilitengenezwa kuanzia mwisho wa 1975 mpaka mwanzo wa 1986, karibu milioni 2.7, so usidhani ni kitu cha makumbusho. Ni gari tu iliyokataa kufa.

Babu ana miaka 74 na bega lake la kulia haliinuki vizuri. Kila Jumanne anampeleka bibi kliniki, wanatoka Likoni wanavuka na feri. Pawa steringi ikifa, usukani bado unazunguka, ila unakuwa mzito kama jiwe, na bega lile haliliwezi jiwe. Kwa hivyo steringi ilipoanza kuchemka, hatukuwa tunaongea kuhusu gari peke yake.

Dalili zilikuwa hivi. Asubuhi, laini kabisa. Ukikaa dakika 20 kwenye foleni ya feri, halafu uingie zile kona za Mji wa Kale, usukani unaanza kuguna kama ng'ombe mgonjwa. Unakuwa mzito. Harufu ya mafuta yaliyoungua inaingia ndani. Ukifungua boneti unakuta kikopo cha mafuta ya steringi kimetema povu. Na hiyo si uchafu tu, kwa sababu mafuta ya moto yakidondokea ekzosi yanaweza kushika moto.

Gereji ya kwanza walisema pampu. Tukanunua ya mtumba, 14,000, na ufundi 3,000. Wiki mbili baadaye, ng'ombe karudi. Gereji ya pili wakasema ni boksi ya steringi, 45,000. Hapo shangazi akasema basi iuzwe, na mnunuzi akapatikana siku hiyo hiyo, mkononi ana 180,000. Babu hakusema kitu. Babu akinyamaza hivyo, ujue ameumia.

Nikamwendea jioni, nikamwamkia, nikamuomba aniachie gari mpaka Jumamosi. Akanitazama weee, kisha akasema, "Chukua. Lakini usinifungulie kitu usichoweza kufunga."

Sasa, kwa nini steringi inachemka? Pampu inazungushwa na beliti ya injini, na haipumziki hata kama unaenda moja kwa moja. Inasukuma mafuta mpaka kwenye boksi, yanasaidia mkono wako, yanarudi kwenye kikopo, yanaanza tena. Ukikata usukani mpaka mwisho na kuushikilia pale, mafuta hayana pa kwenda. Valvu inafunguka kuokoa pampu, na nguvu yote inageuka joto. Piga hesabu: presha ya baa 80, lita 6 kwa dakika, hiyo ni wati 800. Karibu pasi ya umeme, imewashwa ndani ya mafuta ya lita moja na kidogo. Dakika moja tu inaweza kupandisha joto karibu digrii 20. Ndio maana dereva mzuri akifika mwisho wa kona analegeza usukani kidogo.

Lakini babu anajua hayo tangu sijazaliwa, so tatizo halikuwa mikono yake.

Tulianza na vitu vya bure, mimi na binamu yangu anayesomea magari chuo cha ufundi. Upepo wa tairi za mbele: sawa. Beliti: imekaza, haitelezi. Tukainua mbele kwa jeki, injini imezimwa, tukazungusha usukani polepole. Ukikwama hapo, shida ni ya vyuma, labda boksi au viungo vya chini. Ulizunguka bila kukwama popote. Tayari ile 45,000 ilikuwa imeanza kunuka.

Kisha tukawasha injini na kuangalia ndani ya kikopo. Mafuta ya ATF yanafaa kuwa mekundu na safi. Haya yalikuwa kahawia, yana povu kama chai ya maziwa. Povu ni hewa, na hewa inajibonyeza, haisukumi kitu. Hapo ndipo mguno na uzito vinatoka. Rafiki yetu fundi wa friji alituazima kile kidude cha kupima joto kwa kulenga. Baada ya dakika 20 za kuzunguka mtaani, kikopo kilisoma 118. Unaweza kukaanga kitu hapo.

Kwenye gari hii filta imekaa ndani ya kikopo chenyewe, chini ya springi. Tuliitoa ikiwa nyeusi tii, imeshikana kama keki. Maana yake walipobadilisha pampu walihamisha kikopo cha zamani na uchafu wake wote, hakuna aliyechungulia.

Na bado hiyo haikuwa kubwa. Binamu alikuwa anapapasa paipu ya mpira inayorudisha mafuta. Mwisho mmoja mgumu, mwingine laini kama chingamu. Tuliitoa, tukaipasua kwa wembe. Ilikuwa paipu ya maji! Mtu fulani, miaka fulani, alifunga paipu ya redieta pale, na mpira wa maji hauelewani na mafuta. Ulikuwa umevimba kwa ndani mpaka tundu limebaki la mrija wa kalamu. Mafuta yanasukumwa na pampu nzima, yanarudi kupitia mrija wa kalamu, yanakutana na filta iliyoziba. Ungebadilisha pampu kumi, zote zingechemka.

Paipu sahihi ya mafuta, filta mpya, sili ya chini ya kikopo, ATF lita tatu za kusafishia na kujazia: jumla 4,350. Tuliingiza mafuta mapya huku yale machafu yakitoka kwenye chupa, tukazungusha usukani polepole kushoto na kulia mpaka povu likaisha. Safari ile ile, dakika zile zile, kidude kikasoma 71.

Siwatukani mafundi, wengi wananishinda mbali. Shida nyingine ni sisi wateja. Mwambie mtu alipe 1,500 ya kukagua tu, atakuita mwizi. Mwambie pampu ni 14,000, atalipa kwa sababu ameshika kitu mkononi. Hatulipi mtu kufikiri, halafu tunashangaa hawafikirii. Mimi nikiwa na gereji ningebandika bei ya kukagua mlangoni, kubwa, na ukitengeneza kwangu nakukatia.

Boksi bado inatoa jasho la mafuta kidogo kwenye sili ya chini. Tunaifuta na kuangalia kikopo kila wiki, na haijashuka.

Yule mnunuzi bado anapiga simu. Babu humwambia apige tena Jumanne, na Jumanne huwa yuko kwenye feri.