Katwe: Chumvi, Mpaka na Gari Lisilo na Dereva

Ukitoka Kasese kuelekea kusini utavuka Ikweta ndani ya Mbuga ya Malkia Elizabeth, kisha utashika njia ya kulia iendayo Katwe. Huko liko ziwa dogo lililolala katika shimo la volkeno, na kandokando yake vibwawa visivyohesabika. Wanaume husimama majini wakibomoa mawe ya chumvi. Wanawake huvuna chumvi nyeupe vibwawani. Kwa ajili ya chumvi hiyo wafalme wa Bunyoro na Toro walipigana, na mwaka 1891 Kapteni Lugard alijenga ngome hapa.

Karibu na ziwa yapo magofu ya kiwanda kilichojengwa na wataalamu wa Ujerumani Magharibi. Maji ya chumvi yaliyatafuna mabomba, na mitambo ikanyamaza. Mchimbaji yeyote wa Katwe ayajua maji hayo, kwani humchubua ngozi kila siku. Mashine isiyolingana na mahali pake hugeuka chuma chakavu.

Nimeyakumbuka magofu hayo kwa sababu ya mgeni mwingine aliye njiani. Tangu mwaka 2020, mjini Phoenix, Marekani, abiria hubebwa na teksi zisizo na mtu kwenye usukani. Gari huona kwa kamera na rada, na huifuata ramani lililowekewa. Yako pia magari yanayopashana habari yenyewe kwa yenyewe, na hata na taa za barabarani. Je, yakifika kwetu, yatakuta tumejiandaa?

Turudi hadi Kikorongo, tushike njia ya magharibi, tupite Bwera mpaka daraja la Mpondwe. Upande wa Uganda magari hupita kushoto. Ng'ambo, Kasindi, hupita kulia. Dereva wa lori aliyetoka Mombasa hubadili upande bila kuambiwa. Gari lisilo na dereva halina budi kufundishwa. Likigonga mtu, nani atajibu, na kwa sheria ya nchi ipi? Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Maswali hayo yafaa yajibiwe kwa pamoja.

Tena ziko hali za hapa petu. Mto Nyamwamba ulifurika mwaka 2013 na tena 2020, ukaharibu madaraja na makazi. Baada ya usiku kama huo, ramani ya jana hudanganya. Tembo huvuka barabara apendapo, na baiskeli yenye magunia hupita gizani bila taa. Askari wa trafiki naye husimamisha gari kwa mkono, na mwanajeshi kizuizini kwa ishara ya tochi. Chombo kisichojua ishara hizo kitaleta msiba.

Kwa hiyo mipango ianze sasa: mistari ya barabara ichorwe na kutunzwa, habari za mafuriko zifike upesi, askari wafunzwe, na madereva na utingo watafutiwe kazi nyingine kabla riziki yao haijakatika. Na kwanza kabisa, waulizwe wanaoijua njia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na Katwe tayari inalo gofu moja, halihitaji la pili.