Nyumba Iliyolala

Nimekuwa mtu wa kulalamika. Kwa miaka mitatu au minne hivi, kila nilipopita sebuleni nikamkuta mwanangu ameshika pedi, kile kidude cha vitufe kinachoshikwa kwa mikono miwili, macho yameganda kwenye runinga na midomo inamchezacheza, nilijiona kama mtu anayetazama lugha yake ikikata roho nyumbani kwake mwenyewe. Nilimwambia hivyo mara nyingi. "Kiswahili kinakufia kinywani, baba." Naye hunijibu kwa adabu, "Samahani, baba," kisha huendelea na mechi yake, kwani, kama alivyonieleza baadaye, ukicheza na mtu aliye mbali kwa njia ya intaneti, mechi haisimamishwi kwa ajili ya nasaha za mzazi.

Leo ninaandika kukiri kosa. Kosa lenyewe si la mwanangu.

Ilikuwa likizo ya Desemba, mvua imefunga kutwa, na vijana watatu wa jirani wamekuja kucheza. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu cha pembeni nikihesabu mizani za shairi lililokuwa likinisumbua. Walikuwa wakicheza ile gemu ya mpira iliyojulikana kwa miaka mingi kama FIFA, ambayo tangu mwaka 2023 inaitwa EA Sports FC. Mtangazaji aliyemo ndani ya mashine huzungumza Kiingereza. Vijana walikuwa wamemnyamazisha. Wawili walipokuwa wakicheza, mmoja kati ya waliobaki alishika chupa tupu ya maji badala ya kipaza sauti akawa anatangaza yeye, kwa sauti ile ya watangazaji wetu wa redio inayopanda taratibu kama maji kisimani, hata ikifika ukingoni inamwagika yote kwa mpigo mmoja.

Nikaweka kalamu chini, nikasikiliza. Baada ya muda niliichukua tena, lakini sasa nikiandika maneno yao.

Kijana alisema beki amelishwa chenga mbili, akapigwa tobo, na aliyefuata akavishwa kanzu. Neno la mwisho nililijua tangu utotoni, ila sikuwahi kulitazama usoni. Kuvishwa kanzu ni mpira kupitishwa juu ya kichwa chako ukaangukia nyuma yako. Nadhani aliyeliunda alikuwa na macho ya mshairi, maana kanzu nayo huvaliwa kwa kupitishwa kichwani, na anayevishwa hubaki kwa nukta moja haoni kitu, mikono juu. Hakuna kamusi iliyomkabidhi mtu huyo neno hilo. Alimwona beki amezubaa, akamwona babu yake anavaa kwenda msikitini, akaunganisha.

Halafu danadana. Mpira unapigwapigwa juu kwa mguu, kwa goti, kwa kichwa, hauruhusiwi kugusa ardhi wala kufika popote. Ndilo neno tunalolitumia tunapozungushwa na ofisi: nenda dirisha namba tatu, rudi kesho, mhusika hayupo. Mwezi uliotangulia nilipigwa danadana siku nne kwa ajili ya karatasi moja, na katika muda huo wote sikukumbuka kwamba neno lililonistahi na kunieleza vizuri kuliko lolote lilitoka miguuni mwa watoto wa uwanjani.

Kisha yule mtangazaji wa chupa akasimama juu ya kochi akapiga ukelele: "Baooo!"

Hapo ndipo nilipoona aibu.

Nieleze kwa nini, ila kwanza niseme neno kuhusu karata, maana ndizo zilizonijia akilini kabla ya hilo jingine. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na Ngome ya Yesu pale Mombasa iliwatoka mikononi mwaka 1698. Miaka mia mbili ya mizinga na kodi. Walichotuachia katika lugha si kingi, lakini tazama kilivyobaki mezani wachezapo watu karata: shupaza, kopa, uru, pau, turufu. Neno karata lenyewe ni lao. Wazee waliowachukia Wareno hawakuona haya kuchukua maneno yao ya mchezo, wakayakata kwa kisu cha matamshi yetu, wakayavika ngeli, na leo mwanasiasa akiwa na hoja ya mwisho mfukoni magazeti huandika kuwa ana karata ya turufu, na hakuna anayeuliza pasipoti ya neno hilo. Sasa mimi, niliyelelewa na lugha ya namna hiyo, nilikuwa nikimlaumu mtoto kwa kusema "levo" na "pedi".

Nisieleweke kwamba nimekuwa mtetezi wa kila kinachochezwa. Kuna ugomvi nilionao bado, nao ni na kamari. Vijana wanaokesha wakibashiri matokeo ya timu za Ulaya kwa fedha ya nauli wananitia simanzi. Lakini hata huko, lugha haikulala. Orodha ya mechi alizobashiri mtu huitwa mkeka, na mechi moja ikienda kombo husemwa kwamba mkeka umechanika. Fikiri ukali wa tashbiha hiyo: umeutandika mwenyewe, umeukalia kwa matumaini, kisha unachanika chini yako. Naichukia kamari na nalihusudu neno. Sijui la kufanya na hisia hizo mbili, naziacha zikae pamoja.

Nirudi kwenye bao.

Lugha yetu imelitwika neno hili mizigo mingi. Bao ni ubao wenye mashimo na mchezo unaochezwa juu yake. Bao ni ramli ya mganga. Bao ni mpira uliovuka mstari wa goli. Wapo wasemao "goli" kwa hilo nalo, lakini mimi huona "bao" lina kishindo zaidi, labda kwa sababu ya ile irabu ya mwisho inayoweza kuvutwa hadi pumzi iishe. Ukizidiwa ujanja na mwenzako sokoni, umepigwa bao. Yule kijana juu ya kochi alipoliita, macho yangu yalikwenda yenyewe ukutani, ambako kwa miaka sita nimetundika ubao wa bao wa marehemu baba yangu kama watu wanavyotundika picha.

Baba alikuwa mchezaji wa baraza za Ngamiani, Tanga. Hakuwa bingwa, lakini waliomjua walimwogopa kidogo jioni zikichangamka. Mimi nilikua nikisikia: namua, takata, mtaji, kichwa, kimbi, nyumba. Maneno hayo yalinilewesha. Nilipoanza kutunga nikayamwaga katika mashairi yangu, na wasomaji wakanisifu kwa kuhifadhi hazina ya wahenga. Baba alipofariki nikamtungia tungo ya maombolezo iliyojengwa yote juu ya mchezo wake. Mshororo mmoja niliupenda kuliko mingine:

Nyumba yako imelala, baba hukuipa mwendo.

Mizani nane kwa nane, vina vimesimama. Niliukusudia uwe na maana ya kushindwa: kifo kimeingia ubaoni, nyumba imelala, mchezo umekwisha.

Mwaka mmoja baadaye nilisoma tungo hiyo mbele ya watu. Tulipomaliza, mzee mmoja wa rika la baba alinijia na mkongojo wake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono wala hakuuachia.

"Mwanangu, tungo nzuri. Hivi wewe bao unalicheza?"

Nikasema nalifahamu.

"Sikuuliza kulifahamu."

Nikanyamaza. Akasema, kwa upole ambao ungali unaniuma kuliko matusi: "Nyumba hailali kwa kushindwa. Nyumba huilaza mwenyewe, kwa hiari yake. Baba yako angekucheka."

Sikuwahi kumsimulia mtu. Nilirudi nyumbani nikautundika ubao ukutani, nikaendelea kuwasema watoto na gemu zao. Sasa unaona aibu yangu ilikotoka. Nimeyakusanya maneno ya mchezo nisioujua, nikayaweka katika beti kama vyombo vya kabatini visivyopakuliwa chakula, na nikawageukia wanaocheza kweli, wanaotoa maneno yao jasho likiwatoka, nikawaambia kwamba wao ndio wanaoiua lugha.

Vijana walipoondoka nilimwomba mwanangu anifundishe gemu yake. Alinitazama kama mtu anayeshuku mtego. Nilifungwa mabao saba kwa sifuri, na la saba nilijifunga mwenyewe. Alicheka hadi akakaa chini, na mimi nikacheka. Sikumbuki lini mara ya mwisho tulicheka kwa pamoja juu ya kitu kimoja. Kisha akaelekeza kidole ukutani.

"Na ile, baba, inachezwaje?"

Ningeweza kumhutubia. Badala yake nikasema kweli: "Sijui vizuri."

Tukautelemsha. Safu nne, mashimo manane kwa kila safu, safu mbili za kila mchezaji, na katika safu ya ndani lile shimo moja la mraba linaloitwa nyumba. Komwe zilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, za kijivu, laini, zimeng'arishwa na vidole vya watu ambao wengi wao wamekwisha kuzikwa. Zinatakiwa kuwa 64. Tulihesabu mara mbili, zikawa 61. Mwanangu akaenda jikoni akarudi na punje tatu za maharage.

"Ina levo ngapi?" akauliza.

Nilitaka kucheka, kisha nikaona kwamba swali lake lina jibu. Bao lina hatua mbili: ya namua, ambapo unaingiza kete moja moja kutoka mkononi, na ya mtaji, kete za mkononi zikishaisha. Nikamwambia: levo mbili.

Tulipokwama tulimpigia simu mjomba wangu aliye Tanga, tukamwonyesha ubao kwa kamera. Alipouona alikaa kimya kidogo, maana aliujua. Kisha akaanza kufoka kwa furaha. Kete sita ndani ya nyumba, ndivyo. Lakini zile mbili mbili ziwekwe kulia kwa nyumba, nani kakwambieni kushoto? Na 22 zibaki mkononi, si koponi! Mwanangu alimwitikia kila neno "ndiyo, babu", na tangu hapo mimi nikawa mtu wa pembeni katika mazungumzo yao.

Lile nililolisubiri lilifika baada ya muda. Mwanangu alikula kete zangu, akazisambaza, na kete ya mwisho ya msambao ikaangukia katika nyumba yake, iliyokuwa bado haijaguswa na imekwisha kunona. Akainua uso kwenye simu.

"Hapa sasa nafanyaje, babu?"

"Una hiari," akasema mjomba. "Ukitaka unasafiri: zichote zote uendelee kusambaza. Ukitaka unailaza, zamu inakwenda kwa baba yako, na mali yako inabaki."

"Kuilaza kuna faida gani?"

"Anayelaza nyumba anaweka akiba. Anamwambia mwenzake, nami nina siku yangu. Marehemu babu yako alikuwa hodari wa kulaza. Ilikuwa inaudhi! Mnangoja asafiri, hasafiri. Halafu mkijisahau, anaondoka na kila kitu."

Mwanangu aliutazama ubao kwa muda mrefu, kwa macho yaleyale niliyokuwa nikiyalalamikia, yaliyoganda, na midomo inamchezacheza. Sasa nilielewa kwamba alikuwa akihesabu.

"Inalala," akasema.

Usiku ule, walipolala wote, nilifungua tungo ya maombolezo. Niliogopa kwamba kuusahihisha mshororo kungebomoa ubeti mzima, kwa kuwa kina cha "ndo" kilikwisha kufungamana na mishororo mitatu mingine. Nilijaribu "kete zangoja safari", mizani zikatimia lakini kina kikakataa. Nilikaa hadi adhana ya alfajiri. Mwishowe nilibadili maneno mawili tu:

Nyumba yako imelala, kete zangojea mwendo.

Nimempelekea yule mzee kwa mkono wa mtu, bado hajajibu. Ubao uko mezani tunapolia chakula, nasi tunakula tumebana upande mmoja, kwa sababu mchezo haujaisha: mwanangu ana kete tisa mkononi, nyumba yake imejaa, na zamu ni yangu.