Mng'ao wa siku moja ulinitia hasara

Ikiwa kwenu kuna gari, hata liwe kuukuu namna gani, nakuomba uweke gazeti chini kwa dakika moja utoke nje ukalitazame. Usitazame rangi wala magurudumu. Tazama zile sehemu nyeusi za plastiki, yaani bampa na vifuniko vya vioo vya kando. Je, bado ni nyeusi, au zimepauka kama magoti ya mtoto aliyetoka kuoga akasahau kujipaka mafuta? Ikiwa zimepauka, basi kisa changu kitakufaa. Utakipata bure, ingawa mimi nilikilipia.

Ilikuwa Machi 2022. Kifungua mimba wetu alikuwa ameitwa katika chuo cha uuguzi. Furaha ilijaa nyumbani, lakini wewe mzazi unajua kwamba barua ya kuitwa chuoni haiji peke yake. Huandamana na karatasi ya pili iliyojaa tarakimu. Mimi ni mwalimu, na mshahara wa mwalimu haufichiki. Tuliketi na mama watoto, tukapiga hesabu hadi usiku wa manane, na hatukuona njia ila kuuza gari letu, Toyota Probox nyeupe iliyotutumikia kwa miaka saba.

Gari lenyewe lilikuwa zima. Mafuta ya injini nilibadilisha kwa wakati, na kila risiti niliiweka katika bahasha. Doa lilikuwa moja tu. Plastiki zote za nje zilikuwa zimepauka, na gari likaonekana mzee kuliko umri wake.

Dalali niliyempata alilizunguka mara mbili, akatikisa kichwa. "Mwalimu, mnunuzi hula kwa macho kwanza. Toa mia tatu nimwite kijana alipake mafuta. Kesho mtu akiliona atadhani limeshuka melini jana."

Nilitoa. Kijana alikuja na chupa ya mafuta mazito na kitambaa. Hakuosha kwa sabuni. Alipangusa vumbi juu juu tu, akapaka. Baada ya dakika kumi bampa zilimeremeta kama viatu vya askari wa gwaride. Nilifurahi mno, nikamwongezea hamsini ya chai.

Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi nilipotoka nilipigwa na butwaa. Kutoka kwenye vioo vya kando, michirizi myeusi ilikuwa imeteremka juu ya milango meupe, mithili ya bibi harusi aliyelia wanja likamtiririka mashavuni. Kabla sijapata hata ndoo ya maji, dalali alikuwa langoni na mnunuzi, mama mmoja aliyetaka gari la kusambazia mikate.

Yule mama hakusema neno. Alipitisha kidole juu ya bampa, akakitazama, akakipangusa kwa leso nyeupe. Leso ikawa nyeusi. Kisha akaniuliza kwa upole ulionikata maini, "Mwalimu, ikiwa hapa mmepaka ili nisione, huko ndani mmepaka nini?"

Nilimwonyesha bahasha ya risiti. Hakuifungua. Aliaga kwa heshima, akaenda zake.

Msomaji, nilijua kwamba injini ile haikuwa na ila. Lakini nani angeniamini tena? Kwa mafuta ya shilingi mia tatu nilikuwa nimelitia shaka gari lililokuwa halina shaka. Ilinibidi kukopa katika chama chetu cha akiba na mikopo ili binti asichelewe chuoni, na riba ya mkopo ikaanza kuhesabika.

Mtaani kwetu kuna mzee aliyestaafu kazi ya kupaka magari rangi. Nilipomsimulia yaliyonipata alicheka hadi akakohoa. "Mwalimu, kila siku wewe hufundisha. Leo kaa chini ufundishwe."

Alinieleza kwamba bampa nyingi za aina hii hutengenezwa kwa plastiki iitwayo polipropilini, ikachanganywa na mpira kidogo isivunjike upesi, kisha ikatiwa masizi laini ili iwe nyeusi. Adui yake ni jua. Miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, hukatakata minyororo midogo inayoishikilia plastiki. Ngozi ya juu hukwaruka na kupata nyufa ndogo mno, nuru ikiipiga hutawanyika, na jicho likaona kijivu. Kumbe weusi haukuondoka! Ni ngozi iliyoumia.

Na sisi wa Nairobi tunaumia zaidi. Mji wetu uko karibu na ikweta, tena juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kila upandapo mita 1,000, miale hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Basi baridi ya Julai isikudanganye.

Sasa tuje dukani. Ukienda Barabara ya Kirinyaga, au hata kwenye duka kubwa la mtaani, utakuta chupa nyingi, kila moja ikijisifu. Usitishike. Kwa jumla ziko za aina tatu.

Ya kwanza ni mafuta mazito ya silikoni, ndiyo yaliyoniponza. Hung'aa sana, bei yake ni nafuu, na hata mtoto anaweza kuyapaka. Lakini hukaa juu juu, hunasa vumbi, na baada ya siku chache au mvua kubwa huenda zake.

Ya pili ni ya maji, nyeupe kama maziwa. Haimeremeti. Huacha weusi mtulivu, na hudumu wiki kadhaa. Humfaa mtu aliye tayari kurudia kila mwezi, kama anavyokata nywele.

Ya tatu ni ile inayokauka na kushikamana na plastiki yenyewe, na nyingi huuzwa kwa jina la seramiki. Hii ndiyo ya kudumu, kwani huweza kukaa miezi mingi, hata mwaka au zaidi. Chupa yake ni ndogo, bei ni kubwa, na haisamehe makosa. Ukiipaka ovyo ikakauka, alama zake utaishi nazo.

Mzee alinionya pia juu ya njia za mkato. Dizeli na mafuta yaliyotolewa kwenye injini huweza kuharibu mipira ya gari. Mafuta ya kupikia hukusanya uchafu. Nta ya kung'arishia bodi ikigusa plastiki iliyokwaruka huacha madoa meupe yasiyotoka kwa urahisi. Wengine huichoma plastiki kwa hewa ya moto mpaka iwe nyeusi tena. Ni kweli hubadilika, lakini weusi huo haudumu, na ukizidisha moto bampa hupinda.

"Usichague kwa mng'ao," alisema. "Paka kidogo mahali pasipoonekana, ngoja siku moja, osha kwa sabuni, kisha pangusa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikibaki cheupe na plastiki ikibaki nyeusi, nunua."

Nilinunua ile ya tatu. Iliniuma, kwani ilizidi shilingi elfu tatu, na deni nilikuwa nalo. Jumamosi iliyofuata niliamka na mwanangu wa kidato cha pili tukaanza kazi. Nawe ukitaka kufanya, fuata hivi.

Osha plastiki kwa maji na sabuni, ukiisugua kwa brashi laini, na kwenye pembe tumia mswaki wa zamani. Endelea hadi maji yatoke safi. Sisi tulimwaga ndoo nne, na hapo ndipo nilipojua ni uchafu kiasi gani yule kijana aliufunika. Acha ikauke kabisa. Kisha ipanguse kwa spiriti ili mafuta yote ya zamani yatoke, maana dawa haishiki juu ya mafuta. Bandika utepe wa karatasi pale plastiki inapopakana na rangi. Fanya kazi kivulini, plastiki ikiwa baridi. Paka kwa sponji tabaka jembamba, sehemu moja baada ya nyingine, na upanguse ziada kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Ikihitajika, rudia tabaka la pili. Halafu usiliguse kwa maji siku nzima.

Tulipomaliza, mwanangu alirudi nyuma hatua tatu akakunja uso. "Baba, mbona halimeremeti?"

Nikamjibu, "Hata lilipotoka kiwandani halikumeremeta. Lilikuwa jeusi tu."

Sehemu kubwa ya kazi hii ni kuosha, na kuosha hakuna anayekuona wala kukusifu. Dawa yenyewe huchukua muda mfupi tu. Ndiyo maana wengi wetu hurukia chupa. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi nilikuwa na mti mzuri, nikauvika mkakasi usioufaa.

Mvua ya Aprili ilikuja mara nne, na milango ikabaki meupe. Mnunuzi wa pili alipofika, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, sikungoja aulize. Nilimwambia plastiki zilikuwa zimepauka nikazitia dawa, kwamba baada ya mwaka hivi atahitaji kurudia, na kwamba kioo cha mlango wa nyuma ni kizito kufunguka. Alinitazama kidogo, akacheka, kisha akaomba bahasha ya risiti. Aliisoma yote, moja baada ya nyingine, akiwa amekaa kwenye kigoda chetu pale uani.

Alilipa pungufu kidogo ya nilivyotarajia. Nilitoa deni na riba yake, iliyobaki ikaenda chuoni. Kama ningeosha kwanza, riba ile ingebaki mfukoni.

Niliwahi kukutana na gari hilo sokoni, mwaka mmoja na zaidi baadaye, limebeba mabati. Upande wa juu wa bampa, unaopigwa na jua la mchana, ulikuwa umeanza kupauka. Kwingine kote kulikuwa bado ni kweusi. Mwenyewe aliponiona alipaza sauti, "Mwalimu! Ile dawa yako inaitwaje?"

Nilimtajia, lakini nilimwambia aanze na sabuni.