Haki Ilipokwisha Kugawanywa

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituacha watoto wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, na nyumba moja ya ghorofa katika Mji wa Kale, Mombasa. Mama alikuwa ametangulia. Mirathi ilifika mbele ya kadhi, naye akahukumu kama Sharia ilivyopanga: mafungu sita, kila ndugu wa kiume mawili, kila wa kike moja. Hakuna aliyedhulumiwa hata senti. Nayatanguliza haya ili msomaji asidhani nimekuja kuilalamikia hukumu. Sikuilalamikia siku ile, wala siilalamikii leo. Lakini Idi iliyofuata hatukula pamoja, na ile iliyofuata hiyo pia.

Kilichobaki bila kugawanywa ni sanduku la vitabu. Mdalali hakuvithamini, ndugu zangu hawakuvitaka, nikavichukua mimi. Ndani yake mlikuwamo Tahdhib al-Akhlaq ya Ibn Miskawayh, chapa ya Misri, na pambizo zake zimejaa hati ya baba kwa wino wa buluu. Kiarabu changu ni cha madrasa, basi nimekisoma polepole, kamusi mkononi, kwa mwaka na zaidi.

Miskawayh alikuwa mtu wa Rayy, mji uliokuwa karibu na Tehran ya leo, na alifariki mwaka 1030. Hakuwa mtu wa kukaa pembeni akaitazama dunia kwa mbali. Alikuwa katibu na mtunza maktaba wa mawaziri na wafalme wa ukoo wa Buwayhi, na aliandika tarehe kubwa ya mataifa iliyojaa habari za askari wanaodai mishahara na mawaziri wanaonyang'anywa mali zao. Kwa hiyo anapozungumza juu ya mapenzi na dola, hasemi kama mshairi. Alikwisha kuona dola isiyo na mapenzi inavyokuwa.

Fikra yenyewe aliipokea kwa Wayunani. Kitabu cha Aristotle juu ya akhlaki kilikuwa kimekwisha fasiriwa kwa Kiarabu, na humo yule mwanafalsafa amesema kwamba watunga sheria hujishughulisha na urafiki kuliko uadilifu, kwa kuwa watu wanaopendana hawamhitaji hakimu, ilhali watu waadilifu wangali wanahitaji kupendana. Miskawayh akaishika fikra hiyo, akaisukuma mbele: uadilifu huhitajiwa pale mapenzi yalipokosekana. Lau wanaoshirikiana wangependana, kila mmoja angempa mwenziwe haki yake kabla hajaidai. Pembeni mwa maneno haya baba amepiga mstari, wala hakuandika kitu.

Niliufunga ukurasa ule usiku huo. Sisi wanne tulikwenda kwa kadhi kwa sababu tulikuwa hatuwezi tena kukaa ukumbini na kugawana wenyewe. Alitupa alichokuwa nacho, nacho ni haki. Tulichokikosa hakikuwa mikononi mwake.

Nikarudi kwa Aristotle mwenyewe, kwa tafsiri ya Kiingereza niliyoazimwa. Huko nilikuta jambo ambalo nadhani kina mama watalifurahia. Anazilinganisha nyumba na serikali: baba kwa wanawe ni kama mfalme, mume na mkewe ni kama utawala wa walio bora, kila mmoja na mamlaka yake, ndugu kwa ndugu ni kama dola ya raia walio sawa, wasiopitana ila kwa umri. Kisha anaonya. Baba akiwafanya wanawe watumwa, ufalme umegeuka udhalimu. Mume akiyashika yote, hata yale yanayompasa mke, basi hiyo imekuwa serikali ya wachache wanaojipendelea. Na wakati mwingine, asema, mwanamke ndiye hutawala, kwa kuwa ni mrithi wa mali. Hapo nilicheka peke yangu. Fungu langu moja katika sita halijanipa ufalme wowote!

Tena, alipotaka kuonyesha kwamba kupenda ni zaidi ya kupendwa, hakumtaja shujaa wala mfalme. Alimtaja mama aliyempa mtoto wake alelewe na wengine, akaridhika kumwona anastawi, ingawa mtoto hamjui. Plato, mwalimu wake, alikuwa amependekeza walinzi wa mji wake wa kuwazia wasiwe na wake wala watoto wa mtu mmoja mmoja, ili wote waitane baba na ndugu. Aristotle alikataa: mapenzi yakitandazwa hivyo hupungua ladha, kama kitu kitamu kidogo kilichomiminwa katika maji mengi. Mimi niko upande wa mwanafunzi.

Lakini Miskawayh anaongeza jambo ambalo Myunani asingeweza kulisema. Neno insani, asema, limetokana na uns, yaani mazoea na kuliwazana, wala si kutokana na kusahau kama wanavyodai wengine. Nayo mazoea hayo yamo katika maumbile yetu, ila yanahitaji kuamshwa. Ndiyo maana Sharia imewakusanya watu wa mtaa msikitini mara tano kwa siku, watu wa mji mzima siku ya Ijumaa, watu wa mji na vijiji vyake katika uwanja mara mbili kwa mwaka, na watu wa nchi za mbali Makka mara moja katika umri. Haamini kwamba mtu anayejitenga pangoni anaweza kuwa mwema, kwani atamfanyia nani wema huo?

Nilikuwa nimezoea kuiona Sharia kwenye karatasi ya mirathi tu: sehemu, hesabu, sahihi. Kumbe Sharia hiyo hiyo iliyotupimia mafungu ndiyo iliyotuwekea Idi, nasi tulikuwa tumeipokea nusu yake ya kwanza kwa mikono miwili na ya pili tukaiacha mlangoni. Hata aya ambayo makhatibu hupenda kuhitimisha nayo hotuba ya Ijumaa huutaja uadilifu kwanza, kisha ikauandamisha na ihsani. Nimeisikia tangu utotoni, na sikuwahi kujiuliza kwa nini yametajwa mawili.

Ijumaa iliyopita nilipika biriani ya kuku, nikaijaza sahani ya maua iliyokuwa ya mama, nikamtuma mwanangu aipeleke kwa mjomba wake mkubwa. Niliagiza aambiwe kwamba kitabu cha baba kiko kwangu, na kwamba pembeni mwa ukurasa mmoja kuna jina lake, na tarehe aliyozaliwa.

Sahani bado haijarudi. Lakini nyumba ile tangu zamani huchelewesha vyombo vya watu.