Kitonga, boneti iliyogoma na safari ya kumpeleka mtoto shule

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Iringa, barabara inakubadilishia hali ya hewa mara kadhaa kabla hujafika. Joto la Chalinze, upepo wa Morogoro, nyasi za Mikumi, halafu lile bonde la mibuyu linalokufikisha Ruaha Mbuyuni, mahali ambapo vitunguu vimepangwa kando ya lami ndani ya mifuko ya wavu mwekundu. Baada ya hapo barabara inaanza kupanda, na hapo ndipo gari lako linapokuambia ukweli kuhusu namna unavyolitunza.

Langu liliniambia Julai, nikiwa nampeleka mwanangu kuripoti kidato cha tano. Ndani ya gari tulikuwa watatu: mimi kwenye usukani, kijana pembeni yangu, na mama yangu mzazi, ambaye sote nyumbani tunamwita Bibi, nyuma kati ya godoro na ndoo. Bibi ni mwenyeji wa Iringa, alikuwa anarudi kwake.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Hadi Msamvu kijana alikuwa hajasema maneno kumi. Sababu naijua. Yeye alitaka kwenda VETA kusomea ufundi wa magari. Mimi nikasema mtoto mwenye alama zile hawezi kuacha kidato cha tano akajifunze kuchafuka grisi. Tukabishana wiki nzima, mwishowe nikatumia sauti ya mzazi, mjadala ukafungwa. Lakini wazazi wenzangu mnajua, mjadala uliofungwa kwa sauti haujaisha, umenyamaza tu.

Ndani ya hifadhi ya Mikumi tulipita taratibu, maana kuna mabao ya faini kwa anayegonga mnyama. Bibi akatuonyesha twiga watatu. Siku nyingine kijana angetoa simu apige picha. Siku hiyo alitazama tu.

Mshale wa joto unapanda

Mlima Kitonga hauna haraka na mtu. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande mwingine ni bonde, na katikati ni foleni ya malori yanayokwenda Tunduma, Zambia na Kongo, yakipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Huwezi kuyapita kwenye kona. Unakaa nyuma yao na gia ndogo, jua linawaka, kiyoyozi kinafanya kazi, gari limejaa mizigo.

Kijana ndiye aliyeona kwanza. "Mama, angalia mshale wa joto."

Ulikuwa umeshapita katikati unaelekea kwenye alama nyekundu. Nikazima kiyoyozi. Akaniambia niwashe hita kwa nguvu zote. Nikamwona kama amechanganyikiwa, hita kwenye joto lile! Lakini ana haki: hita huchota joto la injini na kulileta ndani ya gari, kwa hiyo injini inapata nafuu kidogo. Tukateseka dakika mbili, madirisha wazi, hadi tukapata sehemu pana ya kuegesha. Kulikuwa na lori limesimama mbele yetu, nalo likipumzika.

Nikazima injini, nikavuta handibreki. Kijana akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akatoa pembetatu ya tahadhari akaipeleka nyuma mbali. Bibi tukamshusha upande wa mbali na barabara.

Kisha nikainama kuvuta ule mkono wa kufungulia boneti, ulio chini ya dashibodi karibu na mlango wa dereva. Ukanifuata mkononi bila kizuizi, mwepesi kama uzi uliokatika. Boneti haikusogea.

Hapa lazima niungame. Mkono ule ulikuwa mgumu tangu mwezi wa tatu. Fundi wa mtaani kwetu aliniambia, "Dada, waya huu unakaribia kukatika, tuubadilishe." Nikamjibu gari linatembea, boneti si tairi. Nikawa navuta kwa mikono miwili.

Sasa injini inachemka chini ya bati nisiloweza kulifungua, saa nane mchana, na shule wanafunga geti saa kumi na mbili jioni.

Waya umekatikia wapi?

Utingo wa lile lori akatusogelea. Akamwamkia Bibi kwanza, "Shikamoo mama," ndipo akanigeukia mimi. Nikamweleza. Hakukimbilia kutoa bisibisi. Aliuliza swali moja: "Mkono unavutika mzito au mwepesi?"

Kumbe swali hilo ndilo nusu ya kazi. Mkono wa ndani umeunganishwa na waya mwembamba wa chuma unaopita ndani ya ganda lake, unatoboa ukuta wa injini na kwenda hadi kwenye loki iliyo mbele, nyuma ya grili. Ukivuta, waya unavuta kikulabu cha loki, na boneti inaruka kidogo.

Mkono ukiwa mzito na boneti haifunguki, mara nyingi waya ni mzima, ila loki imeshika kutu au vumbi, au waya umelegea. Hapo dawa ni watu wawili: mmoja anakandamiza boneti kwa mbele, juu ya loki, mwingine anavuta mkono wakati huohuo. Ule mkandamizo unaondoa uzito kwenye kikulabu, nacho kinaachia.

Mkono ukiwa mwepesi, ama waya umekatika, ama ganda lake limechomoka mahali linapobanwa. Na ukikatika, mara nyingi hukatikia mwishoni, pale unaposhikana na mkono.

Kabla utingo hajamaliza, mwanangu alishalala chali sakafuni mwa gari, miguu nje, tochi ya simu mdomoni. "Umekatikia hapahapa," akasema. "Kuna kipande kimetokeza, kama kiungo kimoja cha kidole."

Utingo akampa plaizi. Nikanyoosha mkono nimwambie atoke, amwachie mtu mzima. Bibi akanishika bega. "Mwache," akasema.

Kijana akabana ncha ya waya, akaizungusha kwenye meno ya plaizi mara moja ili isiteleze. Akavuta. Kimya. Akavuta tena. Kimya.

"Subiri," utingo akasema. "Mtu akandamize mbele."

Bibi ndiye aliyekuwa karibu. Akavua kitenge chake cha mabegani, akakikunja mara nne ili bati lisimuunguze, akakilaza pale mbele katikati, akaegemea kwa mikono yote miwili. Bibi yetu si mwembamba. Kijana akavuta mara ya tatu, ikasikika "tak!" na boneti ikainuka upana wa vidole viwili. Utingo akapitisha mkono chini, akasukuma kile kikulabu cha pili cha usalama, boneti ikafunguka yote.

Bibi alicheka hadi akakaa kwenye jiwe.

Usiguse kifuniko cha rejeta

Nilitaka kufungua rejeta papo hapo nimwage maji. Utingo na kijana wakasema "Hapana!" kwa pamoja. Maji ndani ya rejeta yenye joto yana mgandamizo. Ukifungua, yanaruka usoni. Tukasubiri zaidi ya nusu saa, hadi ikawezekana kushika mpira wa rejeta kwa mkono bila kuungua.

Wakati wa kusubiri tulikula mayai ya kuchemsha ya Bibi. Utingo akapokea mawili na chupa ya maji, fedha akakataa. Akamuuliza kijana anasoma ufundi wapi. Kijana akanitazama, kisha akajibu, "Naenda kidato cha tano, PCM." Utingo akatikisa kichwa: "Vizuri. Fizikia yote iko humu," akaigonga injini kwa kidole.

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo. Kibano cha mpira wa juu wa rejeta kilikuwa kimelegea, maji yakawa yanavuja kidogo kidogo, na chupa ya akiba ilikuwa tupu. Ningefungua boneti kila wiki kama inavyotakiwa, ningeona. Lakini nani anafungua boneti inayohitaji mikono miwili? Uzembe mmoja ulikuwa umeuficha mwingine. Kijana akakaza kibano kwa bisibisi, akafungua kifuniko taratibu kwa kitambaa, akajaza maji.

Nikaenda kufunga boneti. Akanizuia tena. "Tujaribu loki kwanza ikiwa wazi." Akasukuma kikulabu kwa bisibisi hadi kikajifunga, akarudi ndani akavuta waya kwa plaizi, kikafunguka. Akarudia mara mbili. Ndipo utingo akafunga spana ndogo ya zamani kwenye ncha ya waya iwe mkono wa muda. Plaizi yake alihitaji.

Kwa wazazi wenye gari

Nilichojifunza nakiandika kwa kifupi, kwa sababu siku hiyo nilipata watu, na wewe unaweza usipate.

Mkono ukianza kuwa mgumu, usiongeze nguvu. Mwambie fundi apake mafuta kwenye loki na akague waya. Ni kazi ndogo kuliko kuvutwa na gari jingine.

Weka plaizi, bisibisi ndefu na tochi ndani ya gari, si chini ya boneti.

Ikiwa waya umekatikia mbele karibu na loki, mkono wa ndani hautasaidia. Magari mengi loki hufikiwa kwa bisibisi ndefu au waya uliokunjwa ncha kupitia kwenye grili, au kwa chini baada ya kufungua kinga ya injini. Kwa hiyo, siku boneti yako iko wazi na kila kitu ni kizima, itazame loki: iko wapi, na kikulabu husogea upande gani mkono unapovutwa. Na usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Lililo mlimani usiingie kabisa.

Usifunge boneti iliyokusumbua kabla hujaijaribu loki ikiwa wazi.

Na waonyeshe watoto. Wangu alijua, mimi ndiye sikujua kwamba anajua.

Tulipita Ilula watu wakiuza nyanya kando ya barabara, na Bibi akateremsha kioo kuwasalimia, "Kamwene!" Getini tulifika saa kumi na moja na nusu, baridi ya Iringa imeshaanza kuuma. Kijana alibeba godoro kichwani. Nikamwambia likizo ya Desemba tutakaa tuzungumze upya kuhusu ufundi, na safari hii nitasikiliza. Hakuniamini sana, niliona. Lakini alitabasamu.

"Sawa, mama," akasema. "Ila ule waya usisubiri Desemba."

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuanza safari ya kurudi, nilitafuta fundi Iringa mjini. Ile spana sikuitupa. Ipo kwenye mlango wa gari, upande wa dereva.